Cheni Niliyoifunga Mwenyewe

Mafundi wenzangu, mliniomba karatasi moja tu ya kubandika ukutani pale karakanani, juu ya kubadili cheni ya pikipiki. Nimeianza mara nne. Kila nikifika mstari wa pili najiona naandika kama mtu ambaye hajawahi kukosea, na ninyi mnaonifahamu mngecheka kabla ya kufika wa tatu. Basi nimeiacha karatasi ya ukutani, nimeandika hivi. Nafasi ninayo. Nimestaafu, migomba imeonyesha kuwa inaweza kuota bila mimi, na mke wangu amesema nikiendelea kukaza skrubu za vitasa vya milango yake atanirudisha kazini kwa mkono wake.

Nilipoajiriwa na chama chetu cha ushirika wa kahawa, karakana ya Kayanga ilikuwa banda la mabati lenye kuta tatu. Upande wa nne ulikuwa wazi, na upepo ulituletea maganda ya kahawa kutoka mashine ya kukobolea, mpaka sakafu yote ikawa kama godoro. Kwenye usaili niliulizwa kama najua pikipiki. Nikasema najua. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimetengeneza baiskeli tu, kule kwetu Ndama, na pikipiki nilikuwa nimeipanda mara mbili, zote kama abiria. Sikuona kama nadanganya. Niliamini kwa moyo wote kwamba pikipiki ni baiskeli iliyobahatika kupata injini.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Zakaria, Mlutheri kutoka Muleba, mwembamba, mwenye maneno machache na kidole cha shahada kifupi kuliko vingine. Asubuhi ya kwanza alinionyesha pikipiki ya bwana shamba mmoja, cheni imelegea inaning'inia.

"Kaza," akasema, akaenda zake.

Nikakaza. Nilikaza kama tunavyokaza ya baiskeli, kisha nikaongeza kidogo kwa sababu hii ina injini. Nilipomaliza, cheni ilikuwa ukiipiga kwa ukucha inaimba. Nikamwita mzee nikiwa nimeshika kiuno kama mwenye shamba.

Aliigusa kwa kile kidole kifupi. "Unataka kupiga muziki?"

"Hapana, mzee."

"Njoo ushike hapa chini." Akaipanda mwenyewe, akakaa kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Nikaishika cheni. Ilikuwa ngumu kama nondo.

"Mimi ni mtu mmoja, tena mkavu," akasema kutoka juu. "Akipanda mtu mnene na gunia la kahawa, apige shimo moja la Nyakasimbi, itakaza na nini zaidi? Itakatika, au itavunja beringi. Gurudumu la nyuma likipanda, cheni hukaza. Iachie nafasi ya kucheza, waitu, ndugu yangu."

Ndivyo nilivyojifunza jambo la kwanza, na nililijifunza mbele ya wakulima sita waliokuja kuuza kahawa na hawakuwa na haraka. Cheni ichezeshwe katikati, upande wa chini, ipande na kushuka kama upana wa vidole viwili. Na gurudumu lizungushwe kwanza, kwa sababu cheni haivutiki sawa mwili mzima. Tafuta pale ilipokaza zaidi, upimie hapo. Mimi nilikuwa napimia popote mkono ulipofika.

Baada ya wiki kadhaa nilipata ujasiri wa kumuuliza kuhusu kidole.

"Niliipaka cheni oili injini ikiwa inawaka na gia imeingia," akasema. "Niliona ni njia ya haraka. Kweli ilikuwa haraka."

Tangu siku hiyo sijawahi kuipaka cheni oili kabla ya kuzima injini na kuuchomoa ufunguo, hata pale mwenye pikipiki anaponiangalia kama mwoga. Ndiyo, mwoga. Vidole ninavyo kumi.

Mzee alinifundisha pia kuisoma cheni kabla ya kuinunulia mwenzake. Unaishika pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile duara la meno linalozungushwa na cheni, unaivuta kuelekea nyuma. Ikiondoka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha, hata kama inang'aa. Kisha unaangalia meno ya sproketi zote mbili, ile kubwa ya gurudumu na ile ndogo iliyojificha karibu na injini. Yakiwa yamepinda kama kucha za mwewe, nazo zimekwisha. Vitu hivi vitatu huzeeka pamoja na hubadilishwa pamoja. Haya yote niliyasikia, nikaitikia "ndiyo mzee", kisha nikafanya nilivyotaka.

Aliyelipia ubishi wangu alikuwa mwinjilisti mmoja wa Nyakasimbi ambaye chama kilimsaidia matengenezo. Nilimwekea cheni mpya juu ya sproketi za zamani, nikaona naokoa vifaa. Akarudi cheni ikiwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwekea nyingine. Akarudi tena, safari hii akiwa ameisukuma pikipiki kutoka chini ya kilima, jasho limelowesha ukosi.

Mzee Zakaria aliinama, akatazama sproketi, akaniita. "Hizi kwa nini hukubadili?"

"Bado zina meno, mzee."

"Hata bibi yangu alipofariki alikuwa bado ana meno. Matatu."

Mwinjilisti alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia hana kinyongo, kwa sababu pikipiki ile imemfundisha kuomba kuliko chuo kilivyomfundisha. Nilicheka naye, lakini nilipobaki peke yangu nilifikiri juu ya cheni mbili nzima nilizoziua kwa kuzivalisha kwenye meno mabovu.

Mzee alistaafu, akarudi Muleba kwenye migomba yake. Aliniachia karakana na onyo moja tu, kuhusu kopo. Kopo hilo lilikuwa langu. Nilikuwa naweka humo kila kipande kilichobaki: nati, pini, vipande vya cheni zilizokufa. Mkulima hatupi kitu. Yeye alilichukia. "Siku moja utakuwa na haraka," aliniambia, "na kopo hilo litakuwa karibu kuliko duka." Nikamsindikiza kwa heshima zote, nikarudi, nikalisogeza kopo mahali ambapo mkono wangu unafika vizuri zaidi.

Sasa nifike kwa Adventina, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na jambo la kuwaandikia.

Adventina alikuwa bibi shamba wetu wa upande wa Kyerwa, mzaliwa wa Kaisho, na mwanamke wa kwanza katika chama kukabidhiwa pikipiki. Kabla ya kumpa vilifanyika vikao vitatu. Wapo waliosema barabara za Kyerwa si za mwanamke, kana kwamba wanawake wa Kyerwa hupita angani. Aliendesha vizuri kuliko wengi wetu, na kuliko mimi kabisa. Kila Jumamosi aliiosha pikipiki yake, akaifuta cheni kwa kitambaa, akanipigia simu kuniambia kila mlio aliousikia. Kusema kweli alinichosha. Wenzake walikuja kwangu vitu vikishavunjika, na mimi niliona huo ndio ustaarabu.

Asubuhi moja ya msimu wa kahawa alikuja kubadilishiwa cheni. Ilikuwa imefika mwisho, aliipima mwenyewe kwa kuivuta nyuma, na alikuwa sahihi. Nilikuwa na pikipiki nyingine mbili zinasubiri. Nikafunga sproketi mpya, nikaivisha cheni mpya, ikabaki loki.

Kwa wale watakaosoma haya na si mafundi: cheni ya pikipiki zetu huunganishwa kwa pingili moja maalumu tunayoiita loki. Ina pini mbili, kibati cha pembeni, na klipu ndogo inayobana kibati kisichomoke. Klipu ina umbo la samaki. Kichwa chake huelekea kule cheni inakokwenda, mkia nyuma, ili kitu kikiigonga kisiichomoe. Na kila cheni mpya huja na loki yake kwenye pakiti.

Loki ya pakiti ikaniponyoka, ikadumbukia kwenye maganda ya kahawa.

Nilipiga magoti. Nilitafuta kwa mikono miwili kama kuku. Adventina alikuwa amesimama na kofia yake ngumu mkononi.

"Fundi, shikamoo tena," akasema kwa utani. "Wakulima wa Murongo wananisubiri saa nne."

"Marahaba. Dakika moja."

Nikanyoosha mkono, na kopo lilikuwa palepale. Nilipata loki iliyofanana. Kibati kiliingia kwa shida, na ncha za pini zilichungulia kidogo tu. Klipu ilikataa kuingia kwenye mfereji wake. Loki nzuri klipu yake hulia ta! ikikaa. Hii haikulia. Niliibana kwa koleo mpaka ikatulia, nikahakikisha kichwa cha samaki kimeelekea mbele, nikajipongeza kwa kukumbuka hilo. Samaki wangu alikuwa ameelekea sawa. Ila hakuwa majini.

"Nenda," nikamwambia. "Kwa cheni hii hata Uganda utafika."

Saa sita kasoro simu ililia, jina lake, sauti ya mwanamume.

"Wewe ndiye Fundi Deo? Mimi ni bodaboda, niko huku mteremko wa Murongo. Dada huyu ameanguka. Gurudumu la nyuma limeng'ang'ania ghafla."

"Yu mzima?"

"Anaongea. Mguu hauko sawa. Tunampeleka kituo cha afya."

Ningependa kuwaandikia kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa mguu wake. Lilikuwa cheni. Na la pili lilikuwa: nani atajua?

Pikipiki ililetwa nyuma ya gari la chama. Cheni ilikuwa imeachia, ikajikunja kwenye sproketi ndogo, ikapasua kifuniko cha injini na kulifunga gurudumu. Niliitoa vipande kwa vipande nikaitia kwenye gunia bila kuitazama. Inahitaji ufundi kushika kitu kwa mikono miwili usikitazame, na siku hiyo niliuonyesha. Meneja alitaka ripoti kabla ya kufunga ofisi. Nikakaa mezani, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya msingi kwamba chanzo cha ajali ni mwendo wa kasi kwenye mteremko, na mpandaji kutoitunza cheni. Nikasaini. Nikapiga na muhuri.

Kesho yake Meneja aliisoma mbele ya wafanyakazi wote. Mmoja wa wale wa vikao vitatu akaegemea kiti akasema, "Si tulisema?" Palepale ikaamuliwa kwamba pikipiki ya Adventina ikipona apewe mwanamume, na mabibi shamba wawili waliokuwa wakisubiri za kwao waendelee na baiskeli mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Niliitumia kutazama kucha zangu.

Mchana nilikwenda kula nyumbani. Mke wangu alinipakulia matoke na maharage, akaniona nayasukumasukuma.

"Una nini?"

Nikamweleza ajali. Nikamweleza kasi, na mteremko, na jinsi vijana wa siku hizi wasivyotunza vitu. Alisikiliza huku anamenya ndizi za jioni.

"Hiyo cheni nani aliifunga?"

"Mimi."

"Basi," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Nilirudi karakanani nikalimwaga gunia. Cheni ilikuwa mpya kabisa, pingili zake zote nzima. Haikukatika popote. Kilichoachia ni loki. Klipu haikuwapo, kibati hakikuwapo, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na pini zilizokwanguka nchani, pale koleo langu lilipopita. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia maganda ya kahawa, kazi ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwaka nilioajiriwa. Chini ya benchi nikaiona loki halisi, ya pakiti, inang'aa. Nikaziweka mbili kiganjani. Kwa macho ya haraka ni pacha. Ukizisimamisha pamoja, pini za ile ya kopo zilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Cheni ile ilikuwa ya namba 428 yenye herufi H mwishoni, yaani nzito, vibati vyake vinene. Loki ya kopo ilikuwa ya 428 ya kawaida, vibati vyembamba. Namba ilikuwa sawa. Herufi moja ilikosekana, na mimi ni mtu niliyejisifu miaka yote kwamba najua kusoma.

Alasiri hiyo nilikwenda hospitali walikomhamishia. Adventina alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Mama yake mzazi alikuwa ameketi pembeni na chupa ya chai.

"Shikamoo, Fundi," Adventina akasema. Alinipa shikamoo! Nikaitikia marahaba.

Nikamwamkia mama yake, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Niliiacha. Nikatoa zile loki mbili mfukoni, nikaziweka kwenye shuka.

"Hii ndiyo ilikuwa iingie," nikasema. "Hii ndiyo niliyoiweka. Nilijua haikukaa. Haikulia. Nikakuambia nenda."

Alizichukua, akazisimamisha pamoja kama nilivyofanya mimi. Bila kuambiwa.

"Ripoti yako nimesomewa kwenye simu," akasema. "Nilikuwa gia ya pili, Fundi. Nilikuwa nimepunguza mwendo kwa sababu kuna mama alikuwa anavusha mbuzi. Ningekuwa kwenye kasi uliyoiandika, leo ungekuja msibani kwa Mama huko Kaisho, si hapa."

"Najua."

"Kwa cheni sikulaumu sana. Ulikuwa na haraka, na mimi nilikuharakisha. Lakini ile karatasi uliiandika umekaa."

Mama yake aliinuka, akasema kwa Kinyambo kwamba anakwenda kuchota maji ya moto, ingawa chupa ya chai ilikuwa imejaa. Tukabaki wawili.

"Nifanye nini?" nikamuuliza. Mtu wa umri wangu, namuuliza mgonjwa.

"Andika nyingine. Usome wewe, kwa mdomo wako, mbele ya walewale. Meneja asikusomee."

Niliisoma Jumatatu. Nilisema mpandaji hakuwa kwenye kasi, nilisema cheni ilitunzwa kuliko cheni zote za chama, nilisema loki isiyo yake niliiweka mimi nikijua haikukaa, na kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa uongo. Nikazipitisha loki mbili mkono kwa mkono. Zilizunguka chumba kizima, kila mtu akizisimamisha pamoja. Yule wa "si tulisema" alizishika muda mrefu, kisha akampa jirani yake bila kunitazama.

Meneja alinipa barua ya onyo kali, na ilikuwa haki. Ninayo mpaka leo, naihifadhi pamoja na cheti cha ubatizo, kwa kuwa nyaraka zote mbili zinasema jambo lilelile juu yangu, kwamba ni mkosaji. Ule uamuzi ulifutwa. Mabibi shamba wawili walipata pikipiki zao msimu huohuo. Kopo nililimwaga kwenye shimo la choo, na kwa siku mbili nililihuzunikia kama ndugu.

Adventina alirudi kazini kwa magongo. Siku ya kununua cheni mpya ya pikipiki yake alinikuta nataka kwenda dukani, akasema, "Hiyo itakayokaa chini yangu naichagua mimi." Tukaenda wote, yeye na magongo yake, mimi na daftari nikijifanya ndiye kiongozi wa msafara.

Muuza duka alitutolea boksi lenye picha ya simba. "Hii orijino, waitu."

"Orijino ya nani?" Adventina akauliza.

"Ya kampuni."

Alilifungua boksi palepale kaunta. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya boksi kwa sauti, 428H, safi kabisa. Yeye alikuwa anasoma cheni. Cheni nzuri imegongwa namba yake kwenye vibati vyenyewe. "Fundi," akasema, "boksi linasema H. Chuma hakisemi kitu." Kweli, vibati vilikuwa vitupu kama ubao wakati wa likizo. Akaishika cheni kiubavu, akainyoosha mbele kama anayepima kitambaa. Ikaning'inia imejikunja upande kama upinde, na hiyo ni cheni mpya! Nzuri hukaa karibu imenyooka. Kisha akachezesha pingili moja moja, akapata mbili ngumu.

"Hii rudisha kwa simba," akamwambia muuza duka.

Yule bwana hakukasirika. Alitutazama, akaingia nyuma, akarudi na boksi la kawaida lisilo na mnyama. Namba kwenye chuma na namba kwenye boksi zilikubaliana. Loki ilikuwa ndani, imefungwa kwenye karatasi yake. Tukahesabu pingili kulingana na kitabu cha pikipiki, na hapo nikapata nafasi yangu ya kuwa na faida, kwa sababu nilijua kuhesabu bila kurudia. Nilirudia mara mbili.

Nilipoifunga, klipu ililia ta! Adventina akasema, "Nimesikia." Kisha akanipa kofia yake ngumu.

"Ya nini?"

"Mimi mguu bado. Ipande wewe, ushuke nayo mteremko, upande nayo, ndipo niamini."

Mnajua mimi na miteremko. Nilishuka gia ya kwanza, breki zote mbili, nikipitwa na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani ambaye aliniuliza kama naumwa. Lakini nilishuka. Ndiyo maana, tangu wakati huo, hakuna pikipiki iliyotoka karakanani kwetu kabla fundi aliyeifunga hajashuka nayo kilima. Mlidhani ni kanuni ya Meneja. Ilikuwa ya Adventina, na ajabu yake ni jinsi inavyopunguza haraka ya fundi. Na cheni mpya hurudi kuangaliwa baada ya siku chache, maana hulegea kidogo mwanzoni. Na oili chafu ya injini msiipake, hushika vumbi ikawa kama msasa. Hayo yangetosha karatasi ya ukutani, ila sasa mnajua yametoka wapi.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho, kwa kuwa wengine mlikuwapo na mmekuwa mkiisimulia vibaya.

Adventina ni mkuu wa maofisa ugani sasa. Goti halikunjiki lote, hawezi kuchuchumaa, lakini bado anaendesha. Alileta pikipiki yake kubadilishiwa cheni na akaniomba niifunge mimi. Mkakusanyika mafundi wote. Nilifurahi. Nikaipandisha pikipiki juu ya benchi ili naye aone akiwa amesimama, nikafanya kazi yote nikieleza kila hatua: sproketi zote mbili, namba kwenye chuma, loki ya pakiti, samaki kaelekea wapi, gurudumu limenyooka, vidole viwili katikati. Nikakaza nati ya ekseli, ule mhimili wa gurudumu la nyuma. Nikageuka kuwatazama, nikaanza kusema juu ya umakini, na jinsi haraka inavyomfanya mtu asahau vitu vidogo. Niliona mnatabasamu, nikadhani ni upendo.

Adventina alikuwa ameinamia nati ya ekseli.

"Fundi," akasema, "pini ya kuizuia hii nati iko wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini sikuweza kutamka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeing'ata kati ya meno tangu nilipoanza hotuba, nikiitoa yote kwa pembe ya mdomo.

Mlicheka nyote. Nilicheka pia, nikaitoa, nikaifuta kwenye suruali. Adventina akanyoosha mkono, nikampa. Akaipenyeza kwenye tundu lake, akaikunja ncha zote mbili kwa koleo, akaivuta kuona kama imeshika. Tukaishusha pikipiki wote kwa pamoja. Nikachukua kofia yangu ngumu ili niijaribu kwanza kilimani, kama kanuni inavyosema.

"Kanuni inasema aliyeifunga," akasema, akaipanda mwenyewe, akashuka nayo kilima.